Vimy ya Tabora

Ukitaja Tabora watu watakutajia maembe, asali, Mtemi Mirambo na shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Ndege hatakutajia mtu. Basi leo nawaletea habari ya ndege, tena iliyobeba mwandishi wa gazeti, kwa hiyo inanihusu.

Tarehe 24 Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy Commercial, namba G-EAAV, iliondoka Brooklands, Uingereza, kuelekea Cape Town. Marubani walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome. Abiria alikuwa Dk. Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akiliandikia gazeti la The Times la London. Wakapita Misri na Sudan mpaka wakafika kwetu. Tarehe 27 Februari ndege ikaanguka hapa Tabora. Watu walipona, ndege haikupona, na safari ikaishia hapo.

Sasa tutofautishe, maana Vimy hazikuwa za aina moja. Ya kwanza ilitengenezwa kwa vita, kudondosha mabomu usiku huko Ujerumani. Ilikuwa na mbawa mbili juu na chini, injini mbili za Rolls-Royce Eagle, na bodi nyembamba kama mtumbwi. Vita ikaisha mwaka 1918 kabla haijapata kazi. Kiwanda kikafikiria biashara: mbawa na injini zile zile, lakini bodi ikawa nene na ya mviringo kama yai, yenye viti vya abiria kumi na madirisha ubavuni. Hiyo ndiyo Commercial. Na G-EAAV haikuwa moja kati ya nyingi. Ilikuwa ya kwanza kabisa ya aina yake, ile ya majaribio.

Haya, zilizosalia ziko wapi? Vimy waliyovukia Atlantiki akina Alcock na Brown mwezi Juni 1919 iko Science Museum, London. Ile ya ndugu wawili Ross na Keith Smith, waliotoka Uingereza mpaka Australia mwaka huo huo, iko uwanja wa ndege wa Adelaide. Iliyoundwa upya miaka ya 1990 iko makumbusho ya Brooklands. Zote tatu zina umbo la ile ya mabomu. Yenye bodi ya yai, iliyokusudiwa kubeba watu na si mabomu, haimo kati ya hizo.

Mtasema, si ndivyo ilivyo? Aliyefika anawekewa kibao, aliyeanguka njiani anasahauliwa. Lakini Tabora tunajua kutunza kumbukumbu tukitaka. Nenda Kwihara ukaone tembe alilokaa Livingstone. Naye hakuwa anaishia hapa, alikuwa anapita tu.

Kinachoniuma zaidi si mbao na vitambaa vya ndege. Mwaka 1919 Waingereza walituma makundi ya wapimaji kutengeneza viwanja kutoka Cairo hadi Cape. Nani aling'oa visiki na kubomoa vichuguu? Ni watu wetu, kwa jembe na kwa karai. Huko Ndola pekee mamia ya watu walihangaika na vichuguu kwa miezi. Wengi wa rika lao walikuwa wametoka juzi tu kubeba mizigo ya vita. Na kabla ya hapo baba zao walibeba pembe za ndovu kwenye njia hii hii ya misafara kwenda Bagamoyo. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, yaani hapa hapa, nyuma ya wapagazi hao hao. Ndege ilipokuja kuwapumzisha mabega, ilitua juu ya jasho lao.

Sisi waandishi tumeendelea na tabia ile. Mkubwa akizindua barabara tunaandika jina lake na cheo chake, aliyechimba mtaro tunamwita "wananchi".

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Kama una babu au bibi Tabora, Ipuli au Kwihara aliyewahi kusimuliwa na wazee wake habari za ndege iliyoanguka, au za kusafisha uwanja, kaa naye uandike. Jina la mzee huyo ndilo nalolitafuta, kuliko namba ya injini.