Bingwa wa Miaka Kumi

Chicago

Nje ya Wrigley Field, uwanja uliofunguliwa mwaka 1914, magwiji wa klabu ya Cubs wamesimama wakiwa sanamu za shaba. Nimezunguka nikimtafuta Mark Grace. Ukihesabu miaka ya 1990 peke yake, hakuna mchezaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani aliyepiga mipigo salama mingi kama yeye: 1,754. Mpigo salama ni ule unaomfikisha mpigaji kwenye kituo cha kwanza au mbele zaidi bila wapinzani kumtoa.

Grace hayupo. Kwa ufundi, Tony Gwynn wa San Diego alimzidi mbali, ila Gwynn aliumia mara kwa mara. Grace alikuwa kazini karibu kila siku, na hesabu ya muongo humpenda mtu wa namna hiyo.

Cooperstown, New York

Kijiji cha watu wasiofika 2,000, kando ya ziwa Otsego. Hapa ndipo lilipo Jumba la Heshima la besiboli tangu 1939. Wrigley huuliza ulikuwa nani kwa Cubs. Cooperstown huuliza ulikuwa nani maisha yako yote. Mwaka 2009 waandishi wa habari za besiboli, ambao ndio wapigakura, walimpa Grace asilimia 4.1 ya kura. Chini ya asilimia 5 jina hufutwa kwenye karatasi ya mwaka unaofuata, na lake likafutwa.

Jack Morris alingoja hadi akachakaa. Yeye ndiye mrushaji aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote katika miaka ya 1980, 162, na wapenzi wake waliitumia hesabu hiyo kama hoja kuu kwa miaka 15 ya kura. Waandishi hawakumpitisha. Kamati nyingine ndiyo iliyomwingiza, mwaka 2018.

Bamba lililonikalisha zaidi ni la Juan Marichal, wa kwanza kutoka Jamhuri ya Dominika kuingia humu. Ukitaja warushaji wa miaka ya 1960, watu hukimbilia kwa Sandy Koufax, na wana haki: alitwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mara tatu. Marichal hakuipata hata mara moja. Lakini aliyeshinda mechi nyingi zaidi katika muongo ule ni yeye, 191. Koufax alikuwa moto wa miaka michache, kisha kiwiko kikamstaafisha mwaka 1966. Mimi ningemchagua Koufax kwa mechi moja na Marichal kwa miaka kumi.

Bronx

Uwanja wa sasa wa Yankees ulifunguliwa 2009. Ule wa zamani, ng'ambo ya barabara, umekuwa viwanja vya wazi vya jirani. Kila kitu hapa huzungumzia makombe, 27. Kwa hiyo muongo wa 1980 hautajwi sana, na ni ajabu, kwa sababu Yankees ndio walioshinda mechi nyingi kuliko timu zote katika muongo huo: 854. Kombe hawakupata hata moja. Ulikuwa muongo wao wa kwanza mikono mitupu tangu ule wa 1910.

Hesabu ya muongo ipo pia kwa mchezaji mmoja mmoja: Babe Ruth wa Yankees aliongoza miaka ya 1920 kwa kuuvusha mpira ukuta mara 467, msimu ukiwa wa mechi 154. Alex Rodriguez aliongoza miaka ya 2000 kwa 435, msimu ukiwa wa mechi 162.

Atlanta

Ndugu wa Yankees wa miaka ya 1980 wako huku. Braves walishinda mechi 925 katika miaka ya 1990, nyingi kuliko timu yoyote, na kombe wakapata moja tu, la 1995. Tena muongo waliuanza vibaya mno: mwaka 1990 walishinda 65, wakafungwa 97. Ukianza kuhesabu 1991 wanakuwa wazuri zaidi, kwani hapo ndipo Tom Glavine na John Smoltz walipokomaa, na Greg Maddux akaja 1993.

Kombe la 1991 lilikuwa mkononi. Mechi ya saba, Oktoba 27, ilichezwa Minneapolis, na mrushaji wa Minnesota Twins alirusha vipindi vyote kumi bila kuruhusu hata mbio moja. Braves wakafungwa 1-0. Mrushaji mwenyewe alikuwa Jack Morris, na mechi hiyo, kubwa kuliko zote alizocheza, haimo katika zile 162.