Dada Mjamzito, Usiache Dawa kwa Neno Langu

Ndugu yangu katika imani, leo nakiri kosa.

Dada mmoja mjamzito aliniuliza kama aache dawa za sonona, kwani aliambiwa zitamharibia mtoto akili. Nikamjibu: "Acha, zidisha dua." Wiki tatu baadaye mumewe akanipigia usiku: mkewe hali, halali, anasema heri afe. Alhamdulillah, alimuwahisha hospitali.

Nikaenda kwa daktari kuuliza. Akaniambia mwaka 2017 watafiti waliotumia takwimu za Sweden walilinganisha ndugu wa tumbo moja: mama alitumia dawa hizo mwanzoni mwa mimba ya mmoja, ya mwingine hakutumia. Katika usonji, tofauti haikuonekana. Na sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto. Zipo dawa za kubadilishwa, ila anayejua ni daktari, si mimi.

Mtume wetu (S.A.W) ametufundisha kujitibu. Dua na dawa havigombani.

Dada, usiache ghafla. Muone daktari wako kwanza. Nawe mume, usimwambie hana imani. Mshike mkono, umpeleke.

Allah anisamehe, na awaponye wagonjwa wetu. Aamin. Mfikishie na mwenzako.