Kwaya ya Ba, Be, Bi

Aliyepita nje ya darasa la kwanza nchini Tanzania miaka ya 1970 au 1980 alijua kipindi cha kusoma kinaendelea hata kabla hajauona ubao. Mwalimu anagonga silabi kwa fimbo, darasa zima linaitikia: ba, be, bi, bo, bu. Kwa lugha yetu njia ile haikuwa ya kijinga. Kiswahili kina irabu tano tu, silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu, na herufi haibadilishi sauti kila ikihamia neno jingine. Mtoto akishazishika silabi zile, maneno mengi yamemfungukia. Ndiyo maana siungani na wanaoicheka kwaya ile leo. Kasoro yake ilikuwa kwingine: penye sauti 60 zinazopaa pamoja, asiyejua hasikiki. Hufungua mdomo nusu pumzi nyuma ya wenzake, au ameukariri mpangilio wa ubao kiasi kwamba ukimwonyesha “bo” peke yake, lazima aanze safari upya kutoka “ba”.

Kwa hiyo naamini kilichobadilika zaidi katika nusu karne hii si kitabu wala ubao, bali ni nani anayesikilizwa. Kipimo cha zamani kilikuwa karatasi: majaribio ya mwisho wa muhula, alama, nafasi darasani, na mwisho wa safari mtihani wa darasa la saba. Nafasi ilimwambia mzazi kuwa mwanawe ni wa 12 kati ya 60. Haikumwambia kama huyo wa 12 anasoma. Maswali ya kuchagua herufi ya jibu nayo yalimwachia asiyesoma mwanya wa kubahatisha. Elimu ya msingi kwa wote ilipoenezwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, na tena ada ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), taifa liliuliza zaidi wangapi wameandikishwa na madarasa mangapi yamejengwa. Lilikuwa swali la haki kabisa, kwa maana mtoto aliyebaki nje hafundishwi kitu. Ila jibu lake liliishia mlangoni.

Sikio lilianza kugeuzwa na watu wa nje ya shule. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza 2009 Tanzania, Kenya na Uganda kwa kuiga mfano wa India, ilituma watu wa kujitolea majumbani. Mtoto alikaa na mpimaji mmoja, akasomeshwa silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Katika ripoti ya kwanza ya Tanzania, kati ya wanafunzi 10 wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioimudu hadithi hiyo ya Kiswahili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo na kujengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Wapo wanaosema zamani tulisoma vizuri bila upimaji wa namna hii. Wanaokumbuka hivyo ni wale waliofaulu. Walioacha shule darasa la tatu hawaandiki kumbukumbu magazetini. Hoja nzito zaidi ni ya walimu: mwenye watoto 100 atamsikiliza nani, na lini? Dakika moja kwa kila mmoja ni saa nzima na dakika 40. Lakini hakuna aliyelazimisha wasikilizwe wote siku moja. Watoto watano kwa siku, wenzao wakiwa wananakili au wanasomeana wawili wawili, hulimaliza darasa hilo katika siku 20 za masomo. Bado ni mzigo, sikatai, na anayepunguza idadi ya watoto darasani amesaidia kuliko anayeongeza fomu za kujaza.

Pingamizi ninalolikubali ni la saa mkononi, pale mtoto anapopimwa kwa kasi ya kusoma. Kuhesabu maneno kwa dakika kunabeba mazoea ya lugha nyingine: “hawakutusikiliza” kwetu ni neno moja, wakati Mwingereza angehitaji kadhaa kusema hayohayo. Tena wepesi uleule wa maandishi yetu unaweza kumdanganya mpimaji. Mtoto ambaye nyumbani kwao ni Kisukuma au Kimasai anaweza kuisoma aya ya Kiswahili bila kukwama, na asielewe kinachosemwa. Mpe “Asha alimpelekea bibi maji”, asome vizuri, kisha umuulize nani alipelekewa maji. Akijibu “Asha”, kumrudisha kwenye ba, be, bi ni kumwonea, maana silabi anazo zote. Kinachomkwaza ni ile “m” na ile “e” ya mwisho zilizojificha ndani ya “alimpelekea”, na hizo hujifunzwa kwa kusimuliwa, kuulizwa na kujibu kwa mdomo, mambo ambayo mwalimu mwenye daftari la maneno kwa dakika hana pa kuyaandika.