Tulipoanza Kupima Oili

Miaka ya 1980, mbao nyingi za vijijini kwetu Mufindi zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwenzake chini, uso umejaa unga wa mbao. Mjomba wangu alikuwa wa chini. Chenso zilipoanza kuingia kwenye misindano ya wanavijiji kuzunguka Sao Hill, watu walizipima kwa mazoea ya msumeno ule: ndefu ndiyo yenye nguvu.

Ndiyo maana za mwanzo zilikuja na bamba la inchi 36, linalofaa mininga na mivule ya porini. Kwa msindano usiofika sentimita 40 kwa unene, urefu ule ni mzigo tu. Injini inakokota cheni bure, na ncha ikigusa gogo la nyuma, mashine inaruka kumrudia mkataji. Siku hizi bamba la inchi 18 au 20 linatosha, na mti mnene unaingiliwa pande zote mbili. Huku ndiko kuheshimu mwili wa mkataji, nami nafurahi kwamba vijana wamelielewa hilo.

Cheni ilichelewa zaidi kueleweka. Mtu alikwenda dukani na cheni iliyochakaa, akaining'iniza kando ya mpya, urefu ukilingana akalipa. Kumbe kuna mambo mengine: nafasi kati ya pini na pini, unene wa meno ya chini yanayopita kwenye mfereji wa bamba, na idadi ya meno hayo. Cheni ya inchi 3/8 haikai kwenye sproketi ya inchi 0.325, vyote viwili vitalika upesi. Yenye unene wa milimita 1.3 ndani ya mfereji wa 1.6 huyumba na kukata kwa kupinda. Mara nyingi vipimo hivyo vimegongwa kwenye bamba lenyewe, upande wa injini, na kwa miaka mingi vilifunikwa na utomvu pasipo mtu kuvifuta. Tupa nayo ina saizi yake: cheni ya 3/8 kwa kawaida hunolewa kwa tupa ya milimita 5.2. Kwa magogo yaliyoburutwa kwenye matope, mimi huchagua jino lenye kona ya mviringo. La kona kali hukata upesi, lakini mchanga kidogo tu hulimaliza makali.

Hata hivyo, kilichoua mashine nyingi ni mafuta. Mjomba alimimina oili kwenye dumu mpaka petroli ibadilike rangi, basi. Wengine walitia oili ya gari. Moshi ulitanda, plagi ikawa nyeusi, na mwenye mashine akaamua kupunguza oili. Hapo ndipo injini ziliponoki, kwa sababu chenso haina tangi la oili ya injini. Kinacholainisha pistoni ni ile tu iliyokuja na petroli. Tena kulikuwa na uchakachuaji. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hugonga na kuchemsha injini, na mkataji aliyeko msituni hana namna ya kuijua. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe, hatua iliyowaumiza wenye vibatari ingawa lengo lake lilikuwa la haki.

Sasa naona vijana wakipima kwa chupa yenye mistari. Mashine za kisasa nyingi zinataka 1 kwa 50, yaani mililita 100 za oili ya tustroki katika lita 5 za petroli. Baadhi ya zile kuukuu zinataka 1 kwa 25, mililita 200. Kilichobaki ni oili chafu ya magari wanayolainishia cheni. Ina chembe za chuma zinazotafuna bamba, na inadhuru ngozi. Wenzangu wa Mafinga na Njombe, tuiache.