Bajeti Ilivyoingia Dukani Kwetu

Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta ya duka la rejareja, Ngamiani, Tanga, tuliijua serikali katika sura mbili. Kulikuwa na serikali ya redioni, iliyosomwa kila Juni na Waziri wa Fedha. Na kulikuwa na serikali ya halmashauri, iliyokuja kwa miguu na kitabu cha stakabadhi na mgambo wawili. Ya kwanza Mama aliisikiliza. Ya pili ilimkimbiza uani kutafuta kibweta cha karatasi zake.

Katika miaka ya tisini, siku ya bajeti redio iliwekwa dirishani na wanaume wa mtaa wakajaa barazani. Walisubiri bei ya bia, sigara na soda. Madereva walisubiri petroli. Mama naye alikuwa na sera yake ya fedha: wiki moja kabla ya hotuba, kama mkononi kuna kitu, anaongeza sigara na kuzificha chini ya kitanda. Zikipanda, faida. Zisipopanda, haziozi. Sikumbuki mtu yeyote pale barazani aliyeuliza kama katika hotuba ile ndefu mlikuwa na neno lolote kuhusu duka lenyewe.

Mwaka 1998 kodi ya mauzo iliondoka, ikaja kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 20. Duka letu lilikuwa dogo mno kusajiliwa, kwa hiyo Mama hakuwahi kupeleka fomu ya VAT popote. Lakini kodi hiyo alikuwa akiilipa kila anapofungua katoni ya sabuni, maana mwenye duka la jumla alikwisha kuiweka ndani ya bei, na Mama asiyesajiliwa hana pa kuidai. Wateja wakamlaumu yeye kwa kupandisha bei.

Iliyotusumbua hasa ni kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu aliiita kodi ya kichwa. Mgambo wakiingia mtaani, vijana wa mikokoteni walipita dukani kwetu mbio, wakatokea mlango wa uani, wakaruka ukuta. Mzigo waliuacha barabarani, na wakati mwingine ulikuwa mzigo wetu. Juni 2003 Waziri wa Fedha, Basil Mramba, alitangaza bungeni kufutwa kwa kodi hiyo pamoja na ushuru mwingine wa kero, na biashara zenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 20 kwa mwaka zikaondolewa ada ya leseni. Hiyo ndiyo bajeti ya kwanza niliyoona watu wakiifurahia kwa jambo lisilo bei ya kinywaji.

Furaha ilikuwa ya haki, ila halmashauri zilikuwa zimepoteza mapato. Serikali Kuu iliahidi ruzuku ya kufidia. Hata hivyo, kilichobaki mikononi mwa halmashauri kilianza kukamuliwa zaidi. Ada ya taka ikawa kali. Ada ya leseni nayo ilirudi baadaye. Jina la duka lililoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu likahesabiwa kuwa tangazo, linatakiwa kulipiwa. Mama akatafuta ndoo ya chokaa akalifuta jina lake mwenyewe. Kwa miaka mingi duka letu halikuwa na jina, na halikukosa mteja kwa sababu hiyo.

Kisha ikaja Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 na utaratibu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo. Nakumbuka afisa alipokuja kutukadiria. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliamkia vizuri. Alisimama mlangoni akatazama mashelfu, akauliza magunia ya mchele, akaandika.

“Mwanangu,” Mama akamwambia, “huo mchele nusu ni mali kauli. Mwenyewe anakuja Ijumaa kuchukua hela yake.”

“Mama, mimi naandika ninachokiona.”

Jibu hilo lilifupisha ugomvi wote wa muuza duka na kodi. Afisa anaona magunia, deni halionekani. Anaona wateja watano kaunteni. Hajui kwamba watatu wamekuja kukopa. Na kama mwenye duka hana kitabu, atabishana kwa kutumia nini? Mama alikwenda ofisi ya kodi, akapewa kiwango chake, akaambiwa alipe kwa awamu nne kwa mwaka, akaondoka ofisini akinung’unika kama waliomtangulia na waliomfuata.

Nilipoanza kuliendesha duka hilo mimi, nililisoma jedwali lenyewe la viwango. Kumbe siku zote lilikuwa na safu mbili: ya wasio na kumbukumbu na ya wenye kumbukumbu. Chukua viwango vilivyowekwa mwaka 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, kama hana kumbukumbu, analipa shilingi 100,000. Akiwa nazo, analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo aliyeuza milioni 6 na ana daftari analipa 60,000. Tofauti ya 40,000 ndiyo bei ya kutoandika. Nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika mauzo kila jioni kabla ya kufunga mlango.

Daftari lilinisaidia kubishana, na pia lilinionyesha kasoro ambayo Mama hakuwa na njia ya kuiona. Kodi hii inahesabu mauzo, haihesabu faida. Sukari inauzwa haraka na kuacha vijisenti. Kanga inakaa wiki na kuacha hela ya maana. Kwenye jedwali la mauzo, muuza sukari ni tajiri kuliko muuza kanga. Mwaka ambao mchele umeingia wadudu, mauzo yapo, kodi ipo, pesa haipo.

Mashine za risiti za kielektroniki zilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, zikashuka kwetu wadogo kuanzia 2013. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2014 maduka yalifungwa katika miji kadhaa, hata Kariakoo, Dar es Salaam, watu wakigomea bei ya mashine iliyofika laki kadhaa. Niliponunua yangu niliona faida yake: mauzo yangu sasa yana ushahidi. Lakini sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na karatasi ile ya risiti hufifia kabla ya mwaka kwisha, hasa kwa joto la Tanga. Risiti za manunuzi nikawa nazitoa fotokopi, na nakala nalipia mwenyewe. Ukija kukaguliwa na karatasi nyeupe, hakuna atakayekuamini kwamba zamani ilikuwa na maandishi.

Katika miaka hiyo nilipata somo jingine kutoka rafu ya taulo za kike. Bajeti ya 2018/19 iliziondolea VAT ili wasichana wazipate kwa bei nafuu. Wateja wangu walikuja na habari kamili, wakitaka bei mpya. Mimi nilikuwa nanunua jumla kwa bei ileile, kwa hiyo sikuwa na cha kupunguza. Bidhaa inaposamehewa VAT bila mzalishaji kuruhusiwa kudai kodi aliyokwisha kulipa kwenye malighafi, gharama hiyo haipotei. Hujificha ndani ya bei. Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, aliufuta msamaha huo kwa sababu bei hazikushuka. Mwaka mzima sisi wa mwisho kwenye mnyororo tulionekana ndio tuliomeza nafuu ya wasichana.

Bajeti hiyohiyo ya 2019/20, tuiseme kwa haki yake, ilifuta au kupunguza ada na tozo 54 za taasisi mbalimbali. Miezi michache kabla yake, Desemba 2018, Rais Magufuli alikuwa ametoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Muuza chapati wa barazani kwangu alikipata, na kwa mara ya kwanza nilimwona anakaanga bila kuchungulia kona ya barabara. Muuza soksi naye alikipata, akatandika mkeka mbele ya duka la soksi. Mwenye duka hakufurahi. Anayelipa pango, leseni na makadirio hashindani kwa usawa na aliyelipa 20,000, hata kama wote wawili ni maskini.

Tozo za miamala ya simu, Julai 2021, zilinipata nikiwa pia wakala. Kwa siku chache foleni yangu ilikauka. Watu walirudi kutumiana fedha kwa makondakta wa mabasi. Tozo zilipunguzwa baadaye, zaidi ya mara moja. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa kwa mgomo, malalamiko yakiwa kamatakamata na usajili wa maghala, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 mgomo ukarudi na kuenea mikoani. Oktoba mwaka huo Rais Samia akazindua tume ya kuangalia upya mfumo wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Nikitazama nyuma, viwango kwenye jedwali havikuwa adui mkubwa wa duka letu. Laki moja kwa mwaka inauma, ila inapangiwa. Kinachovuruga ni ada inayozuka katikati ya mwaka, ofisi tatu zinazokuja wiki moja kila moja na fomu yake, na deni lisilo lako linaloandikwa jina lako. Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningeanza na hilo la mwisho.

Mpangaji wa fremu anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwenye karatasi kodi ni ya mwenye nyumba. Mwaka wa kwanza nilimweleza wangu kwa unyenyekevu wote. “Mama yangu,” akanijibu, “mimi nataka pango langu kamili. Hayo mengine malizana nao huko.” Wapo wanaongoja fremu hiyo, naye anajua. Kwa hiyo nalipa pango lote na asilimia 10 juu yake, na stakabadhi inasema nimemkatia yeye.

Wakubwa husema wenye nyumba ni wengi, hawafikiki. Mwaka 2021 kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU, ikakatwa kwenye mita za umeme nchi nzima, na hakuna aliyesema nyumba hazionekani. (Hiyo nayo hulipwa na mpangaji anayenunua umeme, ingawa jengo si lake.) Serikali iliyoweza kuifikia kila nyumba kupitia mita inaweza kumfikia mwenye fremu na kumdai kodi yake yeye mwenyewe. Bajeti itakayofanya hivyo haitahitaji kunipunguzia hata shilingi moja kwenye makadirio yangu. Nafuu nitakuwa nimeshaipata.