Wali wa Jana

Mjomba wangu wa Maparoni alikuwa hodari wa kula. Akirudi kuvua kamba, sinia la wali wa nazi halikumchukua muda. Basi siku niliyomwona akisukuma sahani baada ya matonge matatu, nilishtuka.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema. "Bado nina wali wa jana."

Nilidhani ananitania. Alfajiri alitapika, na wali wa jana ukatoka vile vile, punje kwa punje.

Majirani walisema amefungwa tumbo. Siwalaumu. Mwaka 1989 Profesa McLarty wa Muhimbili na wenzake walipochapisha uchunguzi wao wa vijiji 6 vya Tanzania, wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Sukari tuliyoijua sisi ni ya kiu, ya kukojoa na ya kidonda kisichopona. Ya kulaza tumbo hatukuisikia.

Kilichonitisha zaidi ni sindano. Insulini yake aliiweka kwenye mtungi, maana nyumbani hapakuwa na umeme. Hujidunga, hula, na baada ya muda mfupi hulowa jasho, hutetemeka, huongea yasiyoeleweka. Tukimnywesha maji ya sukari, huchelewa kuzinduka. Usiku sukari hupanda kupita kiasi, na mkewe humshutumu kuwa anakula kwa siri. Waligombana sana kwa jambo hilo.

Tulipanda mashua hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam. Daktari alieleza kwa kituo. Kuna neva iitwayo vagasi, itokayo kichwani hadi tumboni. Ndiyo inayoliamuru tumbo kusaga chakula na kukisukuma utumboni. Sukari ikikaa juu miaka mingi, huidhoofisha. Chakula ambacho kingemalizika tumboni kwa saa nne hivi hulala humo usiku kucha. Sindano huwahi damuni, chakula hakijafika. Chakula kikifika, dawa imekwisha nguvu. Ni kupooza kwa tumbo, na huko Marekani daktari Kassander aliupa ugonjwa huo jina lake mwaka 1958.

Akabadilishiwa saa za sindano, akaambiwa ale kidogo kidogo mara nyingi, vyakula laini, mafuta na tui zito apunguze, na akishakula atembee.

Tukiwa kwenye mashua ya kurudi, mkewe alimwuliza polepole, "Kumbe hukuwa ukila kwa siri?"

"Nilikuwa nikila mbele yako, mama. Kilikuwa hakifiki tu."

Jioni ile alikuna nazi moja badala ya mbili, akapika uji.