Niliambiwa Nitikise Kichwa

Mafua yalikuwa yameshaniacha, nimerudi kwenye cherehani yangu hapa Tanga. Alfajiri moja nikafumbua macho, dari inazunguka. Nililishika godoro kwa mikono miwili nikatapika hadi nyongo. Mume wangu aliponiinamia aliona mboni zangu zinavutwa taratibu kulia, kisha zinakurupuka kushoto, bila kukoma.

Shemeji alisema presha. Jirani akasema malaria. Mama mkwe, kwa huruma yake, alisema nimetupiwa kitu. Vipimo vilikataa presha na malaria. Daktari wa masikio alinishika kichwa, akaniambia niitazame pua yake, akakigeuza ghafla. Kushoto, sawa. Kulia, macho yaliiacha pua kisha yakarudi kuitafuta.

Alinieleza kuwa ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, inayouarifu ubongo kichwa kinageukia wapi. Kirusi kilikuwa kimeuvimbisha mshipa wa fahamu unaopeleka habari za sikio la kulia. Ubongo ukipata habari za upande mmoja tu, unaamini mwili unazunguka. Nilikuwa nasikia vizuri, ndiyo maana alisema ni mshipa uliovimba, si sikio lenyewe.

Dawa ya kutuliza kichefuchefu alinipa ya siku chache tu, maana ikizidi inauchelewesha ubongo kujirekebisha. Nyumbani kila mtu alinisihi nilale nisijitikise. Mtaalamu wa fiziotherapia akasema kinyume: nyoosha kidole gumba mbele ya uso, kikazie macho, geuza kichwa kulia na kushoto, kizunguzungu kije. Mazoezi ya aina hiyo yalianzishwa Uingereza miaka ya 1940 na Terence Cawthorne na mwenzake Cooksey, kwa ajili ya askari walioumia vichwa. Nilimshukuru Mungu kwa watu hao nisiowajua.

Kilichonitesa kuliko vyote ni duka la kanga. Maua, madoadoa, mistari, kanga juu ya kanga ukutani. Muuzaji akikunjua moja tu, sakafu inanikimbia. Kwa fundi nguo kama mimi huo ulikuwa msiba. Nilikwenda hivyo hivyo, nikishika meza, nikatazama kitambaa kimoja hadi kitulie, kisha cha pili.

Swala nilikuwa naswali kwenye kiti. Siku niliyosujudu paji la uso likagusa mkeka, nikainuka bila kushika ukuta, nililia mbele ya watoto.

Umeme ukikatika usiku bado nayumba, kwa sababu macho nayo yanasaidia kazi ya sikio lile. Tochi huwa pembeni ya mto. Mteja akinilalamikia kizunguzungu, kwanza namuuliza: mdomo umepinda? Mkono umekufa ganzi? Ulimi mzito? Huwezi kusimama kabisa? Akijibu ndiyo kwa lolote, habari za kidole gumba sizigusi. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, naacha cherehani nampeleka hospitali saa ile ile.